Kabla hujanunua bunduki ya .458, kipime kichwa cha risasi kilichobaki kwenye bega la mbogo

Swali la msomaji:

"Shikamoo mzee. Nipo Tabora, nasaidia kambini huku nikijiandaa kuwa mwindaji bingwa. Msimu uliopita mgeni wetu alimpiga mbogo dume kwa bunduki ya .375 H&H, risasi yenye kichwa cha uzito wa greni 270, umbali wa mita kama 60. Mbogo alikuwa ametugeukia nusu, bega la kushoto likiwa mbele. Tulisikia kabisa risasi ikigonga, mbogo akayumba, akaingia kichakani. Tulimfuata mpaka jua likaanza kushuka, akatutokea karibu sana, bingwa wetu akammaliza kwa bunduki yake ya .470. Wakati wa kuchuna tulikikuta kichwa cha ile risasi ya kwanza kwenye msuli wa bega. Kilikuwa bapa, madini ya risasi yametoka yote, limebaki koti la shaba peke yake. Wenzangu wanasema .375 ni ndogo kwa mbogo, ninunue .458. Mwaka huu anakuja mgeni mwingine na .375 hiyohiyo, anataka mbogo, pofu na swala pala, na ameniandikia akiuliza alete risasi gani. Nimjibu nini? Na mimi mwenyewe ninunue nini?"

Jibu:

Marahaba, kijana wangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: wakati wa kuchuna mlikitafuta kichwa cha risasi, mkakiangalia. Kambi nyingi hutupa ushahidi huo pamoja na utumbo, halafu jioni watu wanabishana kuhusu kaliba, yaani zile namba za upana wa mtutu kwa inchi, kama .375. Kichwa ulichokishika kimeshakujibu nusu ya swali lako.

Usiilaumu .375. Bunduki hiyo imekuwa kazini Afrika tangu 1912, na kanuni zetu za uwindaji zinaitaja kama kaliba ya chini kabisa kwa wanyama hatari. Hilo halikuwekwa kwa kubahatisha. Risasi yake ya greni 300, yaani gramu 19.4, ikiwa imeundwa kwa kazi hiyo, huvunja bega la mbogo na kuingia mapafuni. Kilichowaponza siku ile ni muundo wa kichwa, pamoja na pembe aliyosimama mnyama.

Tukifuate kile kichwa tangu kilipomfikia mbogo. Greni 270 ya .375 hutoka kwenye mtutu kwa mita kama 820 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye mita 60 bado ilikuwa na zaidi ya 750. Mbogo amekugeukia nusu. Hapo risasi haipati ubavu mtupu. Inakutana na ngozi nene, mara nyingi ina tope lililokauka, kisha msuli mzito wa bega, kisha kiungo ambapo mfupa wa bega unakutana na mfupa wa mguu wa mbele. Nyuma ya hapo kuna mbavu pana zinazokaribia kupandana, na ndipo mapafu yanapoanza. Kazi yote ngumu imewekwa mwanzoni mwa njia, wakati kichwa kina mwendo mkubwa kuliko wakati wowote mwingine.

Kichwa cha kawaida ni kiini cha madini ya risasi kilichovalishwa koti jembamba la shaba. Viwili hivyo vimeshikana kwa kubanwa tu, hakuna kilichowaunganisha. Kikigonga mfupa kwa mwendo ule, ncha inatanuka mara moja na kuwa pana mno. Upana huo ni breki. Koti linapasuka, kiini kinateleza na kutoka, na vipande vyepesi havina uzito wa kuendelea mbele. Ndiyo maana mlikuta koti peke yake msulini. Jeraha lilikuwa kubwa na la kutisha, lakini liliishia begani. Mapafu hayakuguswa, au yaliguswa na chembe tu, na mbogo mwenye mapafu mazima anaweza kuwatesa watu siku nzima.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi hulikosea. Risasi haimuui mnyama mkubwa kwa kumsukuma. Ukipiga .375, bunduki inakurudisha nyuma kwa msukumo usiopungua ule ambao kichwa kinampelekea mbogo, na wewe mwenye kilo 70 hukuanguka. Mbogo dume mwenye kilo 700 ataangushwa vipi na msukumo huohuo? Anakufa kwa sababu moyo au mapafu yametobolewa, damu inamwagika ndani ya kifua, na ubongo unakosa hewa. Au anaanguka papo hapo kwa sababu ubongo au uti wa mgongo umevunjwa. Basi. Takwimu za nguvu zinazoandikwa kwenye boksi, zile juli 5,800 za .375 na zaidi ya hapo za bunduki kubwa, hazikwambii nguvu hiyo itatumika wapi. Ya mbogo wenu ilitumika yote kwenye bega.

Kwa hiyo unaponunua risasi za mnyama mkubwa, jiulize kwanza kama kichwa hicho kitafika kwenye mapafu kutoka pembe mbaya kabisa ambayo utakubali kupiga. Upana wa tundu unakuja baada ya hapo.

Sasa tuzipange aina za vichwa, maana dukani majina ni mengi lakini miundo yenyewe ni michache.

Ile ya kawaida nimeshaieleza. Siidharau. Kwa swala pala, tohe, pongo, hata kongoni aliyesimama ubavu, inachanua haraka na inaua haraka, na bei yake ni nafuu. Iache kwa wanyama hao.

Aina ya pili ilizaliwa kutokana na kisa kinachofanana na chako. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda huko British Columbia, Kanada, kwa .300 H&H, bunduki yenye mwendo mkali. Alimpiga musi, yule kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini, aliyejaa tope kavu mwilini, na risasi zake zikapasukia juujuu bila kuingia ndani. Aliporudi nyumbani alitengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele inachanua, ukuta unaizuia nusu ya nyuma isipasuke, na nusu hiyo inaendelea na safari. Akaanza kukiuza mwaka 1948 kwa jina la Partition, na mpaka leo kipo. Kwa kawaida kinabaki na kama theluthi mbili za uzito wake. Sehemu ya mbele inapotea, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Ya tatu ni kichwa kilichounganishwa: kiini kimeyeyushiwa ndani ya koti mpaka vikawa kitu kimoja. Kikigonga mfupa kinatanuka kama uyoga, lakini kiini hakina pa kutokea. Woodleigh Weldcore ya Australia iko kundi hili, Norma Oryx pia, na Hornady DGX Bonded. Swift A-Frame imechanganya njia zote mbili, ina ukuta wa katikati na kiini kilichounganishwa, na mara nyingi inabaki na zaidi ya asilimia 90 ya uzito. Kama ungenibana nikuchagulie kichwa kimoja cha .375 cha kumpa mgeni nisiyemjua, anayekwenda kupiga mbogo wake wa kwanza, ningechagua kundi hili bila kusita. Linasamehe mambo mengi. Linachanua kwa karibu na kwa mbali, halipasuki kwenye mfupa, na mara nyingi linasimama chini ya ngozi ya upande wa pili badala ya kupita na kumjeruhi mbogo mwingine aliyesimama nyuma.

Ya nne haina madini ya risasi hata kidogo. Ni shaba tupu, yenye tundu kwenye ncha, ambayo ikigonga inafunguka kama ua lenye petali kadhaa. Barnes ndio waliofungua njia na Barnes X mwaka 1989, na baadaye TSX yenye mifereji kiunoni. Kichwa hiki hubaki na karibu uzito wake wote na kinapenya kuliko vyote vinavyochanua. Nimeona petali zikikatika kwenye mfupa mzito na shina likaendelea hadi upande wa pili. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule kichwa kinakuwa kirefu na kinakula nafasi ya baruti kwenye ganda. Usiogope kushuka hatua moja: greni 270 ya shaba kwenye .375 itapenya kuliko greni 300 ya kawaida. Hapo unaona jinsi namba ya greni peke yake inavyodanganya, kwa sababu mgeni wenu wa mwaka jana naye alikuwa na 270. Pili, shaba inahitaji mwendo ili ifunguke. Ikishuka chini ya mita 550 hivi kwa sekunde, vichwa vingi vya aina hii vinaanza kupita vikiwa vimefumba. Kwa mbogo wa mita 60 hilo si tatizo kabisa. Kwa kongoni wa mbali, lifikirie.

Halafu kuna risasi ngumu, ambazo wengi kambini tunaziita solidi. Hizi hazichanui. Zamani zilikuwa madini ya risasi ndani ya koti nene la chuma. Siku hizi nyingi ni kipande kimoja cha shaba nyeusi au shaba ya njano kilichokerezwa. Kazi yake ni tembo, ambaye ubongo wake umejificha nyuma ya mfupa mnene wenye vyumba vya hewa, kiboko aliye nchi kavu, na mbogo aliyejeruhiwa anayekuja au anayekupa mgongo. Ukipata zenye ncha bapa, zichukue kabla ya zenye ncha ya duara. Ncha bapa huenda moja kwa moja ndani ya mwili, wakati ya duara inaweza kupinda njia ikishakutana na mfupa. Tena ncha bapa inafanya tundu kubwa zaidi ingawa kichwa hakijatanuka.

Na tafadhali, asikudanganye mtu kwamba risasi ya kijeshi iliyofunikwa ncha ni solidi. Koti lake ni jembamba, limetengenezwa kwa ajili ya kulisha bunduki vizuri, si kwa mifupa ya mbogo. Ndani ya mwili inapinduka, inapinda, wakati mwingine inakatika. Nimeona wanyama waliojeruhiwa kwa risasi hizo wakafa baada ya siku nyingi, mbali, bila faida kwa mtu yeyote. Hilo linaniuma kusema kuliko mengine yote humu.

Umetaja uzito wa risasi, nami naupa nafasi yake. Vichwa viwili vyenye muundo sawa na mwendo unaokaribiana, kile kirefu na kizito kulingana na unene wake ndicho kitakachopenya zaidi. Wenye fani hupima hilo kwa uwiano wa uzito na unene. Greni 300 ya .375 ina 0.305. Greni 286 ya 9.3x62, bunduki ya zamani ya Kijerumani ya mwaka 1905 yenye risasi ya milimita 9.3, ina 0.305 vilevile, na ndiyo maana 9.3 ilijijengea heshima kubwa barani humu ingawa kwetu kaliba yake haifiki kile kiwango cha wanyama hatari. Greni 400 ya .416 ina 0.330, greni 500 ya .458 ina 0.341. Greni 180 ya .300, ambayo wageni wengi wanaipenda, ina 0.271.

Utasikia pia habari za W. D. M. Bell, yule Mskoti wa Karamoja, Uganda, aliyeua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa 7x57, bunduki ndogo ya milimita 7 ambayo leo hatungempa mgeni kwa kiboko. Watu huitumia hadithi hiyo kusema kaliba haina maana. Mimi naisoma hivi: Bell alitumia vichwa virefu, vigumu, visivyochanua, vilivyofika pale alipovipeleka, na alilijua fuvu la tembo kiasi cha kuuona ubongo kutoka pembe yoyote. Muundo wa kichwa na mahali pa kupiga vilimbeba. Lakini mtu aliyekosea sentimita chache kwa bunduki ile hakuwa na kitu cha kumwokoa, na sisi tunaongoza wageni ambao wengine wao wanatetemeka mikono.

Turudi kwa mbogo, kwa sababu hapa ndipo kijana unayejifunza unapaswa kulala na kuamka napo. Moyo wa mbogo uko chini kuliko watu wanavyodhani, katikati ya miguu ya mbele, na mapafu yako juu yake na kuendelea nyuma kidogo. Nundu ya mabega inadanganya. Juu kuna nyama na mifupa mirefu ya mgongo isiyo na kitu cha kuua haraka, na uti wa mgongo wenyewe unashuka chini unapoingia shingoni. Mgeni akilenga katikati ya mwili anaouona, anapiga juu ya mapafu. Akiwa amesimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwa macho, panda theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini, piga hapo. Risasi inavunja bega na kutoboa sehemu ya juu ya moyo na mapafu yote mawili.

Akikugeukia nusu, kama alivyofanya mbogo wenu, acha kufikiria ngozi iliyo mbele yako. Fikiria mguu wa mbele wa upande wa pili, kisha chora njia kutoka bunduki yako hadi kwenye mguu huo. Kwa pembe hiyo risasi itaingia ndani ya bega lililo karibu nawe, kuelekea kifuani. Nashuku mgeni wenu alilenga nyuma ya bega kwa mazoea ya picha za ubavu, bunduki ikasogea kidogo, akakigonga kiungo chenyewe. Kwa kichwa kilichounganishwa, kosa hilo lingesameheka. Kwa kile alichokuwa nacho, halikusameheka.

Mbogo aliyekupa mgongo usimpe mgeni risasi ya kwanza hata kidogo. Tumbo la kwanza la mbogo limejaa majani mabichi yaliyoloa, na sijui kitu porini kinachosimamisha kichwa kinachochanua haraka kuliko hicho. Lakini akiwa ameshapigwa na anaondoka, piga, na hapo ndipo solidi inapolipa, kwa sababu inaweza kupita urefu huo wote hadi kifuani.

Ndiyo maana mpangilio wa zamani ulikuwa moja inayochanua kwenye chemba na solidi zote kwenye magazini. Sababu ni nzuri: risasi ya kwanza mara nyingi hupigwa kundi likiwa limetulia na mbogo wengine wako nyuma, kwa hiyo unataka kichwa kibaki ndani ya mnyama. Zinazofuata hupigwa kwa mnyama anayekimbia, pembe zozote. Wanaotumia shaba tupu au A-Frame siku hizi wengi wanajaza aina moja tu, na siwapingi. Ninachokitaka ni kwamba mgeni afundishwe kutia ya pili mara tu anapopiga ya kwanza, na apige tena maadamu mbogo yuko wima na njia iko wazi. Mbogo mwenye mapafu yaliyotobolewa anaweza kwenda mita mia. Risasi ya pili haiharibu kitu chochote isipokuwa majivuno.

Na mkisikia kutoka kichakani ule mguno mrefu wa mbogo anayekata roho, ni dalili njema. Msikimbilie hata hivyo. Subirini kama nusu saa. Damu nyepesi yenye povu ni mapafu. Damu nyeusi kidogo kidogo, au majimaji ya kijani kwenye majani, ni tumbo, na hapo jipangeni upya kabla ya hatua inayofuata.

Sasa .458. Ni bunduki nzuri. Ilitoka mwaka 1956, na askari wengi wa wanyamapori Afrika Mashariki wamefanya kazi nayo kwa tembo wanaovamia mashamba. Greni 500 kwa mita kama 640 kwa sekunde inafanya tundu pana, na ule mwendo wa polepole una faida moja ambayo wenzako wameiona bila kuijua: kichwa kinachogonga polepole hakipasuki kirahisi. Kaliba kubwa za polepole huvisamehe vichwa dhaifu. Lakini bunduki hiyo inapiga bega la mpigaji kwa nguvu, na ganda lake ni fupi kwa kazi linayofanya, hivyo baruti inashindiliwa. Risasi za zamani za kaliba hii zilipata lawama Afrika, baruti ikigandamana na mwendo kushuka vibaya. Ukiinunua, usichukue maboksi ya miaka mingi yaliyokaa ghalani eti kwa sababu bei ni ndogo.

Ushauri wangu kwako ni huu. Kwa kazi ya kusimama nyuma ya mgeni na kuzuia mbogo anayekuja kwa hatua kumi, .458 au .416 itakufaa siku utakapopata leseni, na nitafurahi ukiwa nayo. Kwa sasa kaa na .375, nunua greni 300 zilizounganishwa na boksi moja la solidi, na fedha inayobaki ipeleke kwenye risasi za mazoezi. Piga ukiwa umesimama, piga kwa fimbo za kuegemea, piga haraka mara mbili. Mkono uliozoea .375 utaipokea .458 baadaye bila woga.

Kuna jambo la nyama, nalo nalipenda litajwe kwa sababu nyama ya vitalu vyetu mara nyingi inaishia kwenye sufuria za vijijini. Kichwa kama kile cha msimu uliopita, kinapopasuka, kinaacha chembe ndogo za madini ya risasi mbali na tundu, nyingine huzioni kwa macho. Madini hayo ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Kateni nyama yote yenye damu nyeusi kuzunguka njia ya risasi, kwa upana, na msiwape watu wala mbwa. Mabaki na utumbo wa mnyama aliyepigwa kwa risasi hizo yafukieni, maana tumbusi wanafika kabla hamjaondoka. Kule California sumu hiyo iliwaua kondo, wale ndege wakubwa wa mizoga, mpaka sheria ikapiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019. Kwetu hatujafika huko kisheria, lakini shaba tupu ipo dukani, na mgeni akiniuliza nimchagulie kwa swala pala ambaye nyama yake itagawiwa, namwambia alete shaba.

Mwandikie basi mgeni wako hivi. Alete .375 yake peke yake, inamtosha kwa wanyama wote watatu. Risasi ziwe greni 300 zilizounganishwa, au shaba tupu za greni 270 hadi 300, kiwandani zikiwa zimeandikwa wazi kuwa ni za wanyama wakubwa. Pofu dume anaweza kufika kilo 900, mzito kuliko mbogo, ingawa hana ukali wake. Apigwe kwa risasi ileile ya mbogo, asionewe huruma ya risasi nyepesi. Swala pala naye atakufa vizuri kwa risasi hiyo, na ataharibika nyama kidogo kuliko angepigwa na .300 ya mwendo mkali. Akisisitiza kuja na .300 kwa ajili ya swala, alete greni 180 zilizounganishwa au za shaba, asilete 150 za kawaida. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, na .375 moja ina gramu kama 42, hivyo 60 zinamtosha na uzito unabaki. Arobaini ziwe za kuchanua, 20 solidi.

Mwambie pia asiziache kwenye dashibodi ya gari mchana. Baruti iliyopashwa na jua la Oktoba inapandisha shinikizo, na nimeona mtu akishindwa kufungua bolti baada ya kupiga, mbele ya mbogo.

Siku ya kwanza kambini, kabla ya kutoka, mweke mita 50 kutoka kwenye shabaha. Apige tatu za kuchanua, asubiri mtutu upoe, apige tatu solidi kwa alama ileile. Kama amebadilisha kutoka madini ya risasi kwenda shaba, mtutu usuguliwe kwanza. Makundi hayo mawili yakikaa ndani ya kiganja kimoja, aingie nayo yote porini. Yakiachana zaidi ya hapo, darubini irekebishwe kwa zile za kuchanua, na solidi zake zibaki kambini.